Toa Mia Tano

Hupima unga kabla jogoo wa Kutaisi hawajaamka:
gramu mia nne kila donge, si mia tatu na tisini,
maana wateja wangu wana viganja vyenye macho.
Miaka ishirini na sita nimekuwa mkweli kwenye mizani
isipokuwa ile ya bafuni,
niliyoigeuzia ukutani kama mtoto mtukutu.

Januari, ngazi za Bagrati zikaniuliza
mbona nahema kama mivukuto.
Nikaigeuza mizani. Kilo tisini na moja.
Nikamwambia shoga yangu Eteri, naye hana subira:
"Kalori elfu moja kwa siku, basi.
Pasaka utavaa gauni lako la harusi."
Gauni lenyewe nilishalikata mapazia ya jikoni,
lakini sikumwambia.

Elfu moja.
Siku ya kwanza nilikuwa shujaa.
Siku ya tatu nilimkaripia mjukuu kwa kutafuna kwa sauti.
Siku ya sita niliota jibini, wala sikuila:
tulizungumza, ikanijibu kwa upole.
Siku ya tisa niliinama tanurini kubandika mkate
na ukuta wa moto ukaniinamia mimi.
Ushangi, kijana wa kuni, alinidaka kwa mkanda wa aproni.
Usiku ule nilikula hachapuri nzima, nimesimama, gizani,
mwizi ndani ya nyumba yangu.

Daktari Tsiala hakucheka.
Alichana ukurasa wa kalenda, akaandika nyuma yake
umri, kimo, magunia mangapi nainua, nalala saa ngapi.
Hakuniuliza nataka kufanana na nani.
"Nanuli," alisema, "mwili nao ni tanuri.
Hata usiku duka limefungwa, una makaa ya kulinda.
Ukiunyima kuni zote hujaoka kitu, umeuzima."
Akaandika: elfu mbili mia mbili na hamsini,
hizi ndizo unazochoma, kwa kukadiria.
Akapiga mstari. Toa mia tano.
Si toa nusu. Si toa kila chenye ladha.
Toa mia tano, tusikie mwezi utasema nini.

Nilihisi nimepunjwa.
Nilikwenda kutafuta upanga, nikapewa kijiko.

Lakini mia tano nazijua, nimezipima mwenyewe:
ni ncha ya mkate ninayoikata alfajiri "kuonja tu",
na ncha ya pili kuuliza kama ya kwanza ilisema kweli,
ni siagi inayofuata kisu bila kuitwa,
ni lozi na zabibu mfukoni mwa koti.
Sikuwahi kuviita chakula.
Nilikuwa naviita kazi.

Jumapili shemeji Murmani aliongoza karamu.
Tulinyanyua glasi kwa wazazi, kwa marehemu, kwa mzabibu,
kisha kwa mzabibu tena, kwa kuwa alisahau.
Nilikula. Nilicheka. Nilizidisha.
Jumatatu sikujifungia njaa kulipa deni:
donge moja likianguka sakafuni
mwokaji hafungi duka.

Wiki ya saba mizani haikusogea hata punje.
Nilisimama juu yake nimekunja ngumi,
ile elfu moja ikininong'oneza mlangoni.
Nikamjibu mwenyewe, kwa sauti, mguu mtupu:
kibaba hiki nilikijaza haba na haba,
nani kanidanganya kwamba kinamwagwa kwa teke?
Nikaenda kula uji wangu. Bakuli zima.

Sasa ni Juni, themanini na nne na nusu.
Eteri yuko kwenye supu ya kabichi, mara ya tatu mwaka huu,
hataki kusikia habari za kijiko.
Nami jana nilipanda Bagrati na mikate sita begani.
Ngazi ya arobaini nikasimama, kwa mazoea,
nikashika ukuta,
nikangoja kuhema.

Nikangoja.
Chini mto Rioni ulikuwa unapita,
na mikate ilikuwa bado moto.